Sufuria ya Shaba na Mwiko Wake

Poplar Fork, Kentucky
14 Septemba 2023

Mpendwa binamu yangu Garland,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Goti lako linasemaje na mvua za huko Oregon? Mimi ni mzima, ila presha inanichezea, na mbwa amezeeka kuliko mimi.

Kaunti imeweka mtandaoni nyaraka zake za kale za mirathi, pamoja na nakala za hataza za wenyeji, yaani hati za wavumbuzi. Nikaingia kwa mbwembwe kutafuta hati ya mwiko wetu mrefu wa kukorogea jamu ya matufaha, huo ulio ukutani kwako, tuliojisifia miaka yote kwamba aliubuni babu mkuu Hiram. Nimeiona. Mchoro ni wenyewe, mpaka matundu yake. Jina ni la Ephraim Stidham, jirani.

Ningeishia hapo ningelala salama. Nikafungua na mirathi ya Ephraim. Vyombo vyake vilipigwa mnada uani, na desturi yetu unaijua: mjane akitaja bei, wanaume wote hutazama viatu vyao, hakuna anayeshindana naye. Kitanda alichukua mjane. Ng'ombe, mjane. Sufuria ya shaba na mwiko wake vilichukuliwa na Hiram Sizemore.

Nikajipa moyo kwamba labda mama yule hakuvitaka. Nikaenda kwa Bi Orlena, ndiye Stidham pekee aliyebaki, miaka tisini na kitu.

“Alivitaka sana,” akasema. “Bibi yangu alitaja bei, babu yenu akataja kubwa zaidi mbele za watu. Mama akatukataza kusema. Jirani ni jirani. Basi kila Oktoba mkipika jamu, sisi tunakaa barazani tunakula harufu. Halafu mnatuita wenye maringo, eti hatuji!”

Garland, nililia kama mtoto. Wahenga walisema majuto ni mjukuu. Kwetu yamefika kwa vitukuu.

Nikamwambia nitamrudishia sufuria, hii iliyo kwangu, siku hiyohiyo. Akacheka. “Lete, mwanangu. Ila umechelewa kidogo. Pua yangu ilikufa na ile korona. Sasa hivi sinusi hata moshi.”

Sufuria iko barazani kwake. Nimeisugua kwa siki na chumvi mpaka inang'aa, naye huipapasa akipita. Jana aliniuliza mwiko uko wapi. Nikaona haya kusema kwamba umeufanya pambo la sebuleni.

Usiutume kwa posta. Uulete mwenyewe, upesi. Matufaha yameanza kuanguka, na mikono yake bado ina nguvu ya kukoroga.

Nisalimie shemeji Paulette na akina Dwayne. Mungu awafunike, na akusafirishe salama.

Ni mimi dada yako, nikupendaye hata kwa aibu hii tuliyorithi,

Wilda