Chungwa, Mchicha na Ua la Mlangoni

Mpendwa mshauri, naomba msaada, na naomba uniwie radhi naanzia katikati, karatasi ya kwanza nimeimwagia juisi na sina nguvu ya kuiandika upya, kwa hiyo pale nilipokuwa nakueleza kwamba mimi nakamua machungwa kwenye kibanda nje ya kiwanda cha nguo, na wateja wananiita Redio kwa sababu sizimwi, hapo hapo tunaendelea.

Basi muuguzi akaangalia majibu, akaniangalia mimi, akamwangalia mkwe wangu, yaani mke wa mwanangu, ana mimba ya miezi saba na anaishi na mimi kwa kuwa kazi ya mwanangu iko mbali, akasema, "Damu imeshuka. Vidonge vya kuongeza damu anameza?" Mshauri, aliyeulizwa si mimi. Aliyejibu ni mimi. Nikasema anameza, tena hakosi, na binti wa watu akainamisha uso akawa anatazama viatu vyake kama ndiyo kwanza anaviona. Vidonge vyenyewe viko kabatini kwangu ndani ya kikombe kilichovunjika mkono, nimeviweka mimi, maana vilikuwa vinamfunga choo na kumtia kichefuchefu, nikamwambia binti, achana navyo, wewe kunywa juisi, juisi na damu zote ni maji maji, zinajuana. Usinicheke. Shule nilitoka kabla haijanizoea.

Sasa mama yake mzazi, mkwe mwenzangu, anauza mboga za majani sokoni, wanamwita Mama Mafungu. Ona mkosi huo. Mimi machungwa, yeye mchicha, na katikati yetu tumbo moja. Aliposikia habari ya damu alikuja mbio, hata kukaa hakukaa.

"Mkwe, unampa nini mwanangu?"

"Machungwa. Asubuhi, mchana na jioni."

"Chungwa ni maji na sukari. Damu iko kwenye majani."

"Majani si ya kijani? Damu ya kijani umeiona wapi?"

"Ng'ombe anakula majani kutwa. Umewahi kumwona amepungukiwa damu?"

"Na wewe umewahi kumwona ng'ombe kwenye foleni ya kliniki?"

Hapo nikaona nimeshinda, nikamgeukia binti anisaidie kucheka. Binti akasema taratibu, "Mama, nikinywa glasi moja zaidi, huyu mtoto atazaliwa na mbegu." Mama yake alicheka mpaka akatafuta kiti. Mimi sikucheka, ila sasa hivi ninavyoandika nacheka, na karatasi hii nayo imeanza kulowa.

Kesho yake kesi nikaipeleka kibandani, maana jambo likikaa ndani yangu usiku mmoja huwa naumwa. Nikaazima mizani kwa jirani, huku nikaweka chungwa langu kubwa, huku nikaweka fungu la mchicha, chungwa likashuka chini puu, nikawatangazia mafundi wa cherehani waliotoka kwa mapumziko kwamba wote mmeshuhudia, chungwa lina nguvu zaidi. Msimamizi wao akamaliza glasi yake, akasema, "Redio, hata jiwe lingeshinda." Wakaondoka wanacheka, na mmoja hakurudisha glasi.

Na usidhani mchicha wa mwenzangu nautupa, mimi si mtu wa roho hiyo. Kila akija anauleta, na kila akiondoka naupika. Nauchemsha mpaka usalimu amri, namwaga maji yake, natia mengine, nachemsha tena, maana nimekua nikiona mboga inachemshwa mpaka ukali uishe, na sikatai, siku nyingine nilikuwa nauchemsha kwa hasira tu, kama mtu anayefua soksi. Akishakula namshushia na kikombe cha chai nzito, kile chakula kipate njia. Hata yale maji ya mboga sipotezi, yakipoa namwagilia ua langu la kwenye chungu pale mlangoni. Na ua hilo mshauri ungeliona, limenawiri, wapita njia wanasimama kuomba mche. Lakini binti ni yule yule, viganja vimepauka, akipanda ngazi anashika ukuta, akifika juu anakaa kidogo ndiyo aseme. Ndiyo maana nasema mchicha hauna kitu. Nimeufanyia utafiti mwenyewe, jikoni kwangu.

Mama Mafungu naye ameshatoa neno lake. Siku ya kliniki ijayo, damu isipopanda, anamchukua mwanawe akajifungulie kwake. Hapo ndipo roho inaponiuma. Mjukuu wa kwanza, mshauri, akazaliwe kwenye nyumba ya mchicha. Lakini si hilo tu, ngoja nikuambie kwa kuwa hunijui sura. Kabla binti huyu hajaja kwangu nilikuwa naongea na sufuria. Nasimulia, nasimulia, sufuria imenyamaza. Huyu mtoto mimi nikianza kusimulia, hata kama kachoka, anasema, "Ehe, halafu?" Wewe unajua utamu wa mtu kukuambia ehe, halafu? Watu wengine wote wananiambia, Redio, nitapita baadaye.

Kwa hiyo niambie ukweli, kati ya chungwa na mchicha kipi kina faida zaidi mwilini? Ukisema chungwa, liandike kwa herufi kubwa nikalibandike kule sokoni. Ukisema mchicha, andika polepole. Na vile vidonge je, maana nikivitoa kabatini itajulikana nilidanganya, na Mama Mafungu akijua, mdomo wake ni mkubwa, siyo kama sisi wengine, kesho yake soko zima

Ngoja, naitwa. "Redio, umo ndani?" Ni yeye huyo. Namwona dirishani. Ameshika begi, na jinsi linavyoning'inia naona kabisa halina kitu ndani, limekuja kujazwa nguo za binti, sasa mshauri ni


MSHAURI ANAJIBU

Mama Redio, barua yako imefika inanata na haina mwisho, lakini nimekuelewa. Pale kwenye mizani nimecheka. Pale kwenye kikombe kilichovunjika mkono sikucheka.

Tuanze na hapo. Ukimaliza mstari huu, weka gazeti chini, fungua kabati, mpe mkwe wako vidonge vyake. Kisha rudi.

Umerudi? Vizuri. Kama vinamfunga choo na kumchafua moyo, hiyo ni habari ya kumpelekea muuguzi, si ya kuifungia kabatini. Ataelekezwa namna ya kuvimeza, au atabadilishiwa. Na usingoje siku ya miadi. Mjamzito anayeshika ukuta akipanda ngazi hangojeshwi. Nendeni leo, na kama mmechelewa, kesho asubuhi. Safari hii akiulizwa swali, ajibu mwenyewe. Wewe utasema neno moja tu, "Nilidanganya," halafu unyamaze. Najua kwako kunyamaza ni adhabu. Ndiyo maana nimekupa.

Sasa kesi yako. Pima mchicha mbichi na chungwa kwa uzito sawa. Madini ya chuma, ambayo mwili unayatumia kutengeneza damu, mchicha unayo. Chungwa halina la kutajwa. Foleti, inayohitajika kwa damu na kwa mtoto anayekua tumboni, mchicha unaongoza. Vitamini A, mchicha. Kalisi ya mifupa, mchicha tena. Chungwa linashinda kwenye vitamini C, na linashinda vizuri kwa sababu unalimenya ukalila lilivyo, wakati mboga inapitia motoni na vitamini hiyo haipendi moto. Kwa upande wa damu, basi, Mama Mafungu yuko sahihi. Nimeandika polepole kama ulivyoomba.

Lakini usifunge kibanda. Chuma cha kwenye majani ni kigumu kwa mwili kukichukua, na vitamini C ndiyo inayokifungulia mlango. Mchicha bila chungwa ni mgeni aliyesimama nje anabisha. Chungwa bila mchicha ni mwenye nyumba aliyefungua mlango, na nje hakuna mtu. Nyinyi wawili mmegombea tumbo hilo bure. Kila mmoja alikuwa na nusu ya jibu mkononi.

Na kwako kuna kosa kubwa zaidi ya ubishi. Wewe hukuwahi kulinganisha chungwa na mchicha. Ulilinganisha chungwa na kitu kilichobaki baada ya wewe kuuchemsha mchicha mara mbili. Foleti na vitamini C zinayeyuka kwenye maji, na maji ulimwaga. Chuma kilichobakia kwenye majani ukakiletea chai nzito ikizuie. Halafu ukamlaumu mchicha. Huo si utafiti, mama, huo ni uonevu.

Kwa hiyo, majani uyaoshe kwanza ndiyo uyakate. Maji kidogo sana, funika, yakilegea tu epua. Chungwa alile zima, pamoja na mlo wenyewe, wala siyo glasi za juisi asubuhi, mchana na jioni. Chai isogee mbali na chakula, angalau saa moja au mbili. Ongeza maharage, na samaki au nyama mkipata. Na haya yote hayachukui nafasi ya vidonge. Damu ikishashuka namna hiyo, mboga za Mama Mafungu na machungwa yako pamoja havitoshi kuipandisha kwa wakati.

Lile begi sasa. Hofu yako haina uhusiano na mchicha, unaogopa kubaki na sufuria. Pole, nasema kwa dhati. Ila binti si redio ya pili ya kuwekwa ndani ikusikilize. Mwite Mama Mafungu aketi, mweleze habari ya kikombe kabla hajaisikia kwingine, na uvumilie atakachosema, maana atasema. Kisha mpishe jikoni akuonyeshe mboga inavyopikwa. Pa kujifungulia aamue mwenye tumbo. Akichagua kwa mama yake, usilie mlangoni; beba kapu la machungwa umfuate. Bibi anayeingia na machungwa mahali penye mchicha hafukuzwi, na ukishamweleza mwenzako ukweli wote, nina hakika yeye ndiye wa kwanza atakayekuambia, "Ehe, halafu?"

Na lile ua la mlangoni, litaanza kupungua unene. Usihuzunike. Katika nyumba yako nzima, ndilo pekee lililokuwa linakula vizuri.