Upinde Wako Juu ya Makaa

Baba,

Kilio chako tumekimaliza jana. Tulikifanya mchana, watu wawahi makwao kabla ya kuvrefe, ile amri ya kutotoka usiku, maana mtaa wetu wa Cibitoke bado ni ule ule wa hatari.

Ndugu yako mudogo alikuja na suti. Yeye! Aliyekuita miaka yote "fundi wa vijiti". Sasa eti ndiye mrithi, apokee upinde wako, auvute mbele ya wageni. Mimi niliyeshinda nawe karakana miaka tisa tukichonga pinde nikaambiwa: "We mutoto mwanamuke, kaa kule na masahani."

Upinde ulikuwa umejisokota, Baba. Tangu wewe ulazwe hospitali ulisimama ukutani, unyevu ukauingia, mkono wake wa chini ukageukia pembeni, kamba ikawa haikai katikati. Bwana mkubwa akacheka: "Apana, kitu kidogo hiki!" Akaupeleka kwenye mbabula, lile jiko la mishikaki. Juu ya makaa matupu, jamani, katikati ya nyama ya mbuzi! Mafuta yanamrukia kwenye koti, naye anaunyonga mti kama anakamua shuka.

Wewe ulinifundisha mvuke. Maji yanachemka, blanketi kuukuu juu ya sufuria, mti unalainika polepole. Ndipo unaugeuza kinyume, kupita kidogo pale unapotaka urudi, unaufunga kwenye ubao mpaka kesho. "Usiuvalishe kamba leo," ulikuwa ukiniambia, "muti haujatulia."

Yeye aliuvalisha hapohapo. Akavuta. Ta! Ukakatika, kipande kikampiga shavuni. Mrithi mzima akakaa kwenye majivu, anatafuta leso. Nilicheka, Baba. Nilicheka mbele ya padri, na shangazi akanifinya, nikazidi kucheka.

Lakini wewe sikufichi. Nilijua. Tangu aliposogelea makaa nilijua utavunjika, na neno moja lingetosha. Nililimeza makusudi. Niliona heri uvunjike mikononi mwake kuliko uning'inie sebuleni kwake, awaonyeshe matajiri wenzake wa Rohero. Sasa vipande viwili viko magotini pangu, na pale pa kushikia mti bado unang'aa kwa kiganja chako. Nimemdharau yule mtu mpaka nikakusahau wewe.

Nisamehe. Karakana simwachii, hata alete ukoo mzima. Na nakuahidi hivi: akija mpumbavu mwingine na upinde uliojisokota, nitafungua mdomo, nitamfundisha, hata kama roho inakataa.

Pumzika, Baba yangu.

Mwanao, Espe