Barua ya Mama Yako Iliyokuwa Imelala Ndani ya Kompyuta

Nyumbani, chumba cha mbele
Jumapili, tarehe 9, mwezi wa sita

Mpendwa mwanangu,

Nina miaka themanini na moja. Nimewazika mafundi saba niliojifunza nao uashi, pamoja na msimamizi wetu aliyeapa kwamba kifua kitaniua kabla ya arobaini. Nimeishi kuliko nyumba tatu nilizozijenga kwa mikono hii, zikabomolewa zikiwa imara kwa sababu wenyewe walitaka ghorofa. Na mama yako nimemzidi kwa miezi saba sasa, jambo ambalo sikulipanga wala silijivunii.

Baada ya hayo nakusalimu. Hujambo? Mkeo hajambo? Kile kikohozi cha mtoto wako mdogo, ulichomwambia dada yako kwenye simu, kimekwisha? Mimi mzima. Magoti yananung'unika na macho yananiibia herufi, lakini meno ninayo ishirini na mawili, na ngazi za hapa napanda bila kushika ukuta. Ukuta wenyewe niliujenga mimi, unajitosheleza.

Utashangaa kuona mwandiko huu. Miaka kumi na moja hujapata hata mstari kutoka kwangu. Unajua darasa la tatu ndio mwisho wangu, kwa hiyo barua hii imenichukua siku nne. Sikutaka dada yako aniandikie. Ukifika chini utaona kwa nini.

Kwanza kuhusu kompyuta uliyomtumia mama yako. Wewe unadhani aliitumia vile ilivyokuja. Hapana. Aliifungua siku ya kwanza, akaitazama kama mtu aliyeingia nyumba ya jirani kwa makosa. Kila kitu kilikuwa mahali pengine. Na programu yake ya kuandikia, ile aliyopigia chapa mitihani na barua za mwalimu mkuu miaka ishirini na miwili pale shuleni, ikakataa katakata kuingia humo. Hakukwambia, asije akakuvunja moyo. Kompyuta yake ya zamani nayo ilikuwa inakata roho, inajizima katikati ya sentensi.

Akamwita binti wa Chepe. Chepe unamkumbuka, yule aliyekuwa akitubebea zege. Binti yake sasa ni mtu mzima, ana duka lake la kutengeneza kompyuta karibu na posta, na watu wanapanga foleni. Alikaa hapa mchana kutwa. Akachota vyote vilivyokuwa ndani ya kompyuta ya zamani, mfumo wake, programu zake, hata ile picha ya maua ya kwenye kioo, akavijengea chumba ndani ya hii mpya.

Nilimwambia haiwezekani. Nimejenga miaka hamsini na miwili, sijaona nyumba ikikaa ndani ya nyumba nyingine, na milango yake na paa lake. Akacheka, akasema nimchukulie huyo wa ndani kama mpangaji. Kompyuta ya nje inamkatia sehemu ya kumbukumbu na sehemu ya nafasi, naye anadhani nyumba nzima ni yake. Nikamwambia wapangaji wa namna hiyo nimewahi kuwa nao wawili.

Basi mama yako akabofya, na kompyuta yake ya zamani ikaamka ndani ya dirisha moja la ile mpya. Akaweka vidole kwenye vitufe, akaandika mstari mzima bila kutazama mikono. Tangu hapo akawa anatumia hiyo ya ndani tu. Na akimaliza hakuwa anaizima, alikuwa anailaza. Ukiilaza inaganda vile vile ilivyo, na ukiiamsha hata baada ya mwezi, unakuta ukurasa uko wazi kwenye neno lile lile uliloliacha. Kwa hiyo hakuhangaika kuhifadhi kitu mpaka akimalize. Alisema karatasi haichomolewi kwenye mashine ya chapa ikiwa nusu.

Jumanne aliyougua alikuwa anakuandikia wewe. Akasema kichwa kinamgonga, akailaza kompyuta, akaenda kitandani. Yaliyofuata dada yako alikusimulia. Sikulaumu kwa kutofika kumzika, najua karatasi zako zilivyokwama huko.

Nilikaa miezi minne bila kuigusa meza ile. Halafu asubuhi moja nikaiwasha, maana nilikuwa nimemwona akifanya hivyo mara elfu, na nikiona kazi mara moja naishika. Nikaiamsha ile ya ndani. Barua yako ikatokea. Saa ndogo ya pembeni ilisema saa nne na dakika arobaini, Jumanne ile ile. Kompyuta ya ndani haikuwa na habari kwamba kuna lolote limetokea duniani. Nikatoka nje, nikasimama uani mpaka dada yako akaja kuniuliza kama nimepoteza funguo.

Nikaamua kukunakilia kwa mkono. Dada yako angeisoma kwa dakika mbili, au binti wa Chepe angeitoa kwenye karatasi, lakini mimi ndivyo nilivyo. Nilitaka uipate kutoka mkononi mwangu. Kila asubuhi baada ya chai niliiamsha, nikaandika maneno matano au sita, nikailaza. Hii hapa niliyoipata, sikuongeza wala sikupunguza:

"Mwanangu kipenzi, leo jua limetoka na nimefungua madirisha yote. Kompyuta yako naipenda, usiwasikilize watakaokwambia vingine. Baba yako ametengeneza upya ngazi ya nyuma ambayo haikuwa imeharibika. Ukipiga simu hukaa mlangoni akijifanya anafunga kamba za viatu, na viatu vyake vyote havina kamba. Anataka kusikia sauti yako lakini hajui aingilie wapi. Sasa nakuandikia jambo ambalo nilipaswa kukuandikia zamani, na aibu ya kuchelewa ni yangu. Siku ile ya roshani nilikuwa nimesimama getini, na niliwasikia. Baba yako"

Hapo ndipo nilipofika. Chini ya hayo maneno mawili kulikuwa na mistari mingine kumi na minne. Niliihesabu, sikuisoma. Mkono huu uliobeba mawe miaka hamsini na miwili ukagoma kushika kalamu. Wiki tatu nikawa naiamsha, natazama maneno "Baba yako," nailaza. Nikajiambia kesho.

Kisha kompyuta ya nje ikaanza kulalamika. Feni yake ikawa inavuma kama mashine ya kukatia vigae, na ikasema nafasi imejaa. Binti wa Chepe akaja, akavuta kiti, akaniambia mpangaji anahitaji chumba kikubwa zaidi, ila hawezi kuongezewa chumba akiwa amelala. Inabidi aamshwe, afungwe vizuri, ndipo kazi ifanyike. Mkono wake ukaenda kwenye kitufe.

Mwanangu, nilijua kitakachotokea kwenye kioo. Angeiona roshani imeandikwa pale, na chini yake mistari kumi na minne inayonihusu, na aliyevunjika mguu chini ya roshani ile ni baba yake mzazi. Nikamwambia asiiamshe.

Akanitazama. "Basi itabidi nitupe usingizi wake, mzee. Ni kama kuchomoa waya. Kama kuna kitu kilikuwa wazi hakijahifadhiwa, hakirudi. Mama hakuacha kitu?"

"Hakuacha kitu," nikasema. "Tupa."

Akatupa. Haikuchukua hata muda wa kumeza mate.

Alipoondoka nikaiwasha. Maua yapo, programu ipo, mitihani yake yote ya zamani ipo. Saa ya pembeni ilionyesha tarehe ya siku hiyo. Barua haikuwepo.

Kesho yake nilikwenda dukani kwake kwa miguu, nikamwambia nilidanganya. Alifunga duka, akahangaika siku mbili, akachimba kila pembe ya mashine ile. Hakupata hata neno. Hakunigombeza, na afadhali angenigombeza. Aliniuliza tu barua ilikuwa inasema nini juu yangu, nami nikakiri sikuthubutu kuisoma. Labda mama yako alinishtaki. Labda alinitetea, maana alikuwa na ugonjwa huo wa kunitetea. Sitajua. Na wewe hutajua, kwa sababu ya neno moja la baba yako.

Kwa hiyo yaliyobaki itabidi niyaandike mimi, kwa maneno yangu ambayo hayafikii yake.

Ile roshani ya nyumba ya daktari wa meno haikuanguka kwa sababu ya mchanganyiko wako. Mchanganyiko wako ulikuwa safi, ningeweza kuutia mdomoni. Mvua ilikuwa imenyesha wiki nzima na zege lilikuwa bado bichi. Uliniambia tuiache mirunda, zile nguzo za miti zilizolishikilia kwa chini, kwa wiki mbili zaidi. Nikakwambia nilikuwa namwaga zege kabla hujazaliwa. Niliitaka mirunda ile kwa kazi nyingine ambayo nilikuwa nimeahidi kwa mdomo wangu mkubwa. Siku ya tisa, ulipokwenda kuleta mchanga, nikachukua nyundo nikaigonga yote mwenyewe, mmoja baada ya mwingine. Jioni roshani ikakatika, na Chepe alikuwa chini yake anaokota misumari.

Daktari alipokuja kuuliza nani amefanya hivi, nilikunyooshea kidole. Nikasema, "Muulize huyu, ndiye aliyechanganya." Ulinitazama, ukaweka koleo chini. Mama yako alikuwa getini, akitoka kazini. Baada ya hapo hakuna fundi aliyekupa kazi, na mwezi haukuisha ukaondoka. Mimi nikaendelea kujenga, nikisifiwa.

Jumatatu iliyopita nilikwenda kwenye ghala la saruji ambako Chepe ni mlinzi. Nilichagua saa ambayo waashi wote wanakuja kupakia mifuko. Nikasimama katikati, kwa sauti yangu ile ya kuita watu kutoka juu ya jukwaa, nikasema kwamba mirunda niliitoa mimi, na mwanangu alinikataza. Wakaweka mifuko chini. Chepe hakuinuka kwenye kibao chake.

"Unadhani mimi sijui?" akasema. "Nilikuwa chini pale. Kila ulipogonga nyundo chembe za zege zilikuwa zinaniingia machoni."

Nikamuuliza kwa nini alinyamaza miaka yote hiyo, na mguu ule.

"Mwanao alikuja hospitali kabla hajasafiri. Akanishika mkono, akaniomba nisiseme. Aliniambia, baba hana kitu kingine duniani, ana jina la ufundi tu."

Mwanangu, nimewahi kuanguka kutoka ghorofa ya pili nikainuka mwenyewe, nikamaliza ukuta. Pale ghalani walinishika watu wawili.

Sitakuandikia maneno ya kuomba msamaha kana kwamba karatasi inaweza kuyabeba. Sikuamuru urudi, nimekwisha kuamuru vya kutosha. Ukipiga simu nitapokea mimi. Kama nitakaa kimya, usikate, nitakuwa natafuta pa kuanzia. Jina ulilonilindia nimeliacha ghalani kati ya mifuko. Vijana wa pale sasa wananiita Mzee Mirunda, nami naitika.

Dada yako anakusalimu sana. Hajui nimeandika nini, ila anaona nilivyochafuka wino na amenyamaza kwa heshima. Binti wa Chepe anakusalimu pia. Kompyuta iko mezani, mpangaji wake ana chumba kikubwa, na mitihani ya mama yako tumeitunza ingawa hakuna mtoto atakayeifanya. Nisalimie mkeo. Watoto waambie wana babu, anajenga vizuri, na kuna siku alijenga vibaya. Mungu akulinde huko, aiweke mikono yako salama, na aliyekupa moyo ule wa hospitalini asikunyang'anye. Haukutoka kwangu, ulitoka kwa mama yako.

Mimi baba yako, nikupendaye, neno ambalo leo ni mara yangu ya kwanza kuliandika.

Mashahidi. Kwa habari ya kompyuta, muulize binti wa Chepe. Kwa habari ya ghalani, waulize waashi, walikuwa kumi na wawili. Kwa habari ya roshani nimemsomea Chepe mwenyewe barua hii yote leo mchana, naye amekubali kutia sahihi yake hapa chini. Amesema yote ni kweli isipokuwa sehemu moja. Niliigonga mirunda siku ya nane. Tisa ni uongo wangu wa miaka yote, nilikwisha kuuzoea. Soma nane.