Ukuta wa Muhdhar Umekubali

S.L.P. 217,
Malindi.
3 Mei 1986

Mpendwa kaka yangu Abdulhalim,

Assalaam alaykum, na shikamoo kaka. Vipi afya yako? Goti bado lakusumbua? Na joto la Muskati mwalionaje mwaka huu? Sisi huku wazima, alhamdulillahi. Mafua yalipita nyumba hadi nyumba, mimi yakaniachia kikohozi, nacho kimekwisha.

Kaka, najua wangoja jawabu la ile kazi uliyomtafutia mwanangu Muhdhar huko kwenu. Nimechelewa kwa sababu mwenyewe sikuwa nalo. Kila nikishika kalamu naiweka tena. Ni mwana mmoja tu niliye naye, na mkewe Hafidha ana mimba ya kwanza. Naye Muhdhar alishaapa, akishindwa na kazi yake ya kupaka rangi hoteli ya hapa anakuja kwako kabla ya Ramadhani.

Hiyo kazi ya hoteli ni hii. Kuna hoteli mpya yajengwa hapa. Mwenyewe ataka ukuta wa chumba cha kulia upakwe chokaa ya buluu: chini buluu nzito, ipungue kidogo kidogo ikipanda, mpaka darini iwe nyeupe, na mtu asiweze kusema hapa ndipo ilipobadilika. Nilimwambia Muhdhar, hiyo si kazi ya binadamu. Akacheka. Akakoroga ndoo zake, kila moja akizidisha chokaa kopo moja na kupunguza buluu kopo moja, akavuta uzi ukuta mzima rangi isiende upande, akapaka.

Siku hiyo alirudi anaimba. Kesho yake karudi, chakula hakukigusa. Ukuta umekauka, kila ndoo imetoa mstari wake. Msimamizi wao, Bwana Gerishom, kamwambia mbele ya mafundi, "Nilikuagiza ukuta, wewe umeuvisha kikoi!" Wakamcheka mpaka basi. Akapewa wiki moja arekebishe, la sivyo aletwe fundi kutoka Mombasa. Akapaka tena, mistari ikarudi vile vile. Mimi usingizi uliniruka. Hafidha akawa akifua mashati ya safari huku alia kimya kimya, nami najifanya sioni.

Ijumaa nikamwambia basi angalau anipakie chokaa jiko langu, Ramadhani isiukute moshi ukutani. Kapaka. Nami mdomo wangu waujua, nikasimama mlangoni: "Hii chokaa au maji ya mchele? Mbona ukuta mtupu?" Akanijibu kwa ukali kidogo, "Ngoja ikauke, mama, ndipo unitie makosa!" Alipotamka vile burashi ikamdondoka miguuni. Nikadhani nimemuudhi. Kumbe mwanangu alikuwa akilinganisha rangi zake zikiwa mbichi ndooni, na chokaa mbichi yadanganya. Ikikauka, kila moja yapauka kivyake.

Papo hapo akatafuta vipande vya mbao, kila kimoja akakipaka rangi yake, akavianika uani kama papa. Vilipokauka akavipanga safu. Hata mimi niliona: upande wa nyeupe rangi yaruka ghafla, na upande wa nzito vipande vitatu ni kama kimoja. Akasema kwenye nyeupe buluu kidogo tu yaonekana, kwenye nzito kopo zima lapotea. Basi juu apime kwa kijiko, chini kwa kopo. Akashinda akikoroga na kuanika, na kuita, "Hafidha, hebu tazama, waona mpaka?" Akiuona, anakoroga nyingine ya kutia katikati. Mwisho Hafidha akasema, "Mimi sioni kitu. Labda na macho nayo yameshika mimba." Tulicheka, kaka, tulikuwa tumesahau kucheka.

Akaupaka ukuta upya, na mwenziwe Kalama akimfuata na burashi, wakizichanganya rangi zinapokutana kabla hazijakauka. Jumanne ukakauka. Bwana Gerishom akapitisha kidole toka sakafuni mpaka mkono ulipoishia, atafuta mstari. Hakuupata. Akasema tu, "Haya, sasa nenda ukumbini, ukuta wa huko nao vile vile." Ndiyo kusema kazi ipo, hata mwisho wa mwaka.

Kwa hivyo kaka, Muhdhar haji. Niwie radhi, najua ulisumbuka kwa watu kwa ajili yake. Usidhani hatukuthamini. Nafasi hiyo mpe mtoto wa mwenzetu mwingine mwenye haja, upate thawabu. Mimi wangu wacha nikae naye, nimsikie akija jioni akigombana na kuku mlangoni.

Nisalimie wifi yangu Jaha na wanangu wote. Jirani yetu Kadii akusalimu, na Hafidha akubusu mikono. Muhdhar asema atakuandikia mwenyewe, lakini usiingoje sana barua yake, wamjua alivyo mvivu wa kalamu.

Mungu akupe afya na umri, akulete kwetu mtoto huyu azaliwapo, umuadhinie sikioni wewe mwenyewe.

Ni mimi dadako, nikupendaye sana,
Mwanasiti