Kovu la bibi kwenye picha

Lubaba!! Baba kampiga dada Asifiwe. Kwa ajili ya picha 😭

Dada aliskani ile picha ya zamani ya bibi, akawa anafuta vumbi na madoa kwenye laptop. Kumbe kafuta na kovu la shavuni, akidhani uchafu.

Baba kaona. "Umemfuta mama yangu! Hilo kovu alianguka akiwa amenibeba!"

Kofi. Kofi tena. Laptop ukutani. Dada mdomo wote damu, mie nimeganda tu mlangoni.

Bibi akatoka chumbani kwake, akamkamata baba mkono. "Edgar, sikuanguka. Baba yako alinipasua na chupa."

Na chupa, Lubaba!! Sie wote tulijua alianguka.

Bibi akamfuta dada damu na kanga: "Ukiitengeneza tena hiyo picha, mjukuu wangu, hilo kovu lifute vilevile."