Wanafunzi Ishirini wa Nong Kraden

Nong Kraden, 4 Juni

Kaeo mjukuu wangu,

Umekuwa kama sufuria ya kuazima, hairudi mpaka ifuatwe. Mwaka Mpya wa kumwagiana maji umepita mara mbili hujaonekana. Barabara ya kutoka Bangkok imeng'olewa? Hujambo lakini? Unakula? Mimi magoti yanalia, kwingine kote mzima. Mwanao Mali kang'oka jino, anatafuna wali wa kunata upande mmoja. Anayeniandikia ni mwalimu Duangta, maana mimi shule nilipita nje tu nikichunga nyati.

Sasa sikiliza. Wanasema shule yetu itafungwa Machi. Ina watoto kumi na mmoja, serikali inataka ishirini. Jengo litakuwa kituo cha wazee, na Mali asafiri kilomita kumi na nne kwenda kusoma. Wewe si uko ofisi ya bajeti? Waambie!

Bibi yako

Bangkok, 15 Juni

Shikamoo Bibi,

Natumaini magoti yamepata nafuu. Mimi mzima, ni kazi tu.

Orodha ya shule za kufungwa tuliiandaa watu watatu, mmoja wao mimi. Nong Kraden ni ya mia moja na sita. Bibi, watoto wanaozaliwa ni wachache, wazee wanaongezeka, na posho yenu inatoka mfuko uleule unaolipa walimu. Kiwango ni wanafunzi ishirini. Ikifungwa, nitamchukua Mali asome hapa. Nimepata chumba kikubwa kidogo.

Mjukuu wako

Nong Kraden, 30 Juni

Kaeo,

Salamu zimefika. Hilo la kumchukua Mali limenikaa kooni kama mwiba wa samaki. Tangu ana miezi minane analala ubavuni kwangu.

Mlitaka ishirini? Wapo. Tumejiandikisha wazee tisa. Mzee Khamsing ana miaka themanini na moja, yuko darasa moja na Mali na anamnyima kifutio.

Alhamisi moja ilikuwa siku ya kuwaheshimu walimu. Tukambebea mwalimu maua ya biringanya na nyasi za desturi kama watoto wengine, tukapiga magoti. Duangta, mtoto wa miaka thelathini na mbili, akapiga kelele, "Bibi, inuka! Mkubwa hamwinamii mdogo, unaniletea mkosi!" Nikamwambia, "Tulia wewe, leo mwalimu ni nani?" Akainama chini yangu, nikainama chini yake, mwisho wote tumelala sakafuni, Khamsing anauliza nani kazimia. Hapa anakataa kuandika. Nimemwambia andika hata hilo.

Hesabu yenu imetimia. Kata jina letu kwenye orodha.

Bibi yako

Bangkok, 2 Agosti

Shikamoo Bibi,

Habari za afya? Nimechelewa kujibu kwa sababu nilikuwa natafuta njia. Hakuna. Wanaohesabiwa ni wenye umri chini ya miaka kumi na tano tu. Kifungu hicho nilikipendekeza mimi mwenyewe, mwaka juzi, baada ya shule fulani kuandikisha majina hewa. Sikuwafikiria watu kama nyinyi.

Nitakuja Machi kumchukua Mali.

Mjukuu wako

Nong Kraden, 9 Mei

Kaeo,

Hujambo? Mali hajambo? Mimi sijambo.

Mwalimu Duangta kahamishwa. Hakuna wa kuniandikia. Naandika mwenyewe. Barua hii nimeiandika siku nne.

Shule sasa ni kituo. Wameleta viti vya plastiki na mashine ya presha. Presha yangu nzuri. Tunapimwa, halafu tunakaa kimya. Khamsing ana kifutio, hana wa kumnyima.

Kiti cha Mali walitaka kukitoa. Nimekataa. Magoti hayaingii chini ya meza yake. Nakaa hivyo hivyo.

Siku ile ya Machi ulipomchukua Mali hukulala hapa hata usiku mmoja. Uliniona sisemi ukadhani nimekasirika. Sikukasirika. Nilikuwa nahesabu nguo za mtoto. Nyuzi za baraka nilizomfunga mkononi usizikate. Ziache zidondoke zenyewe.

Ukija, lala siku saba. Njoo na Mali, na daftari la mistari mipana. Herufi nne bado zinanishinda. Mwambie Mali ataketi kwenye kiti chake, mimi nitakaa chini, anifundishe.

Bibi yako