Maua Chini ya Gamba la Kobe

Mjukuu wangu Zuhura,

Salamu zako zimefika Pande. Sote wazima, na babu yako ameanza kuokota korosho. Unauliza kwa nini sivui saa yangu ya mkufu yenye umbo la kobe.

Niliachiwa na marehemu mama. Iliposimama, nikiwa bado msichana, niliona kama nimefiwa tena, nikaipeleka kwa fundi saa Lindi. Alipofungua gamba, tukakuta ndani maua madogo yaliyochorwa kwa ncha ya chuma.

“Nani angeyaona haya?” nikamuuliza.

“Mimi, binti yangu. Aliyeitengeneza alijua ipo siku fundi mwenzake ataifungua.”

Saa ikatembea. Kabla ya kuifunga, naye akachora ua moja, la fundi atakayekuja. Nikalia palepale, wala si kwa huzuni.

Akulinde Mola huko uliko.
Bibi yako, Mwanaisha